Mkono Unaopotea Ukutani

Mama Mbonea hakupiga simu kuulizia hali. Alipiga kuuliza kama kebo inaweza kumla mtu mkono.

"Mkono wa nani, Mama?" akauliza Nakunda. Alikuwa karakanani kwake, Same mjini, na skrini ya mteja ilikuwa imelala kifudifudi mezani.

"Wa kaka yako. Anaunyoosha hivi, kulia kwake, ameshika sahani. Mkono unaingia ukutani mpaka kwenye kiwiko. Ukirudi, sahani haipo. Na siyo Jumapili moja. Nimevumilia, nimevumilia, sasa nimechoka. Kesho kutwa ndiyo Jumapili ya mwisho, Nakunda. Nataka nimwone mwanangu mzima, na mikono yake yote miwili."

Fundi akiambiwa mkono unapotea hawazi uchawi, anawaza waya. Nakunda akauliza kebo ina urefu gani. Mama akasema yeye atajuaje urefu wa kebo, anachojua ni kwamba imeanzia chumbani kwake, ikatoboa ukuta, ikazunguka kabati la vyombo, ikatokea sebuleni.

"Kompyuta iko chumbani?"

"Ulitaka ikae sebuleni, kila mgeni aiwekee kikombe cha chai mgongoni?"

Hapo Nakunda akaanza kuelewa, au alidhani ameanza.

Dirisha lenyewe lilitoka kwa Mbonea. Kila aliyekwenda Mwezini kuchimba barafu, mshahara wa mwanzo aliwanunulia wazazi dirisha: skrini pana ya ukuta mzima, kona hadi kona, ikionyesha chumba cha huko kwa ukubwa wake halisi. Ukisogeza meza yako mpaka kwenye kioo, na mwenzako akasogeza yake, mnakuwa na meza moja. Jumapili mchana milima yote ya Upare ilikuwa inakula na watoto wake walio juu. Kila nyumba ilipewa saa moja. Ukisema neno unavuta pumzi, unaishusha, ndipo jibu linafika. Watu walizoea, na wengine wakaanza kusubiriana hivyo hivyo hata wakiwa sebule moja, adabu ambayo zamani hawakuwa nayo.

Sasa Mbonea anahamishiwa sayari ya Mirihi. Kutoka huko neno linasafiri muda wa kutosha kuchemsha chai na kuinywa, kwa hiyo hakuna dirisha, kuna salamu za kurekodi tu. Na kurudi, kama kuna kurudi, mama yake hatakuwepo wa kumpokea. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema.

Nakunda hakuwahi kukaa mbele ya dirisha la nyumbani kwao. Miaka mingi alikuwa Dodoma na mumewe, na tangu arudi Same na kufungua karakana, Jumapili ndiyo siku madirisha ya watu yanapoharibika. Mganga hajigangi. Watu wa mlima mzima walimwona Mbonea akila, dada yake alimsikia kwenye simu tu, maneno mawili matatu, makavu. Alidhani ndivyo wanavyokuwa watu wa huko.

Akaenda kwenye rafu kuchagua.

Watu wanadhani kununua dirisha ni kununua kioo. Kioo ni jambo dogo. Dirisha ni mafiga matatu, skrini na kompyuta na kebo, na figa moja likiwa fupi chungu kinalala upande. Skrini ya ukuta mzima ina nukta nyingi kuliko punje za mahindi kwenye ghala la kijiji, na kila nukta inataka kuambiwa rangi yake upya, zaidi ya mara mia kila sekunde. Kompyuta lazima iwe na nguvu ya kuzisema zote. Kebo lazima iwe na njia ya kuzipitisha zote. Na kebo, jamani, ndiyo tapeli wa familia. Zote zina kichwa kimoja. Inaingia kwenye tundu lile lile, inakaza vilevile, taa inawaka kijani, mtu anakwenda zake anapiga mluzi. Kumbe tumboni moja ni barabara ya lami na nyingine ni njia ya mbuzi. Hata iliyo nzuri, ikiwa ni ya shaba, ukiivuta kutoka chumbani mpaka sebuleni picha inachoka njiani.

Zamani ilikuwa rahisi kugundua. Kebo isipotosha, skrini ilizima au ilichezacheza, na mwenye nyumba akatukana akaita fundi. Skrini za siku hizi zimefundishwa zisiaibike. Zikipokea nusu ya picha zinaitunza ile nusu katikati, palipo na sura ya anayesema, na pembeni zinajazia zenyewe, zinachora kile zilichokiona pale siku ya kwanza. Sauti nayo hivyo hivyo. Sauti isiyo na mdomo kwenye picha zinaihesabu kelele, zinaifuta. Mafundi wanaita kujazia. Kwenye matangazo ya biashara inaitwa picha isiyokatika.

Nakunda akachukua kompyuta yenye nguvu kuliko zote alizokuwa nazo, na bunda la kebo ya nuru, ile inayobeba picha kwa mwanga, ambayo hata uivushe mto haichoki. Akafunga virago.

* * *

Jumamosi asubuhi alimkuta Mama anafagia uwanja uliokwishafagiliwa.

Kompyuta ilikuwa chumbani kweli, juu ya sanduku la bati, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, safi kuliko ilivyotoka dukani. Kebo ilikuwa ya shaba, nyembamba, ndefu kama mkia wa uongo. Nakunda akaivuta kidogo, akatikisa kichwa.

"Imekufa?" akauliza Mama kutoka mlangoni.

"Haijafa. Ilikuwa inabeba mzigo usio wake."

Mama hakuondoka. Akakaa kitandani, akaanza kukunja shuka lililokwishakunjwa. "Nikuulize kitu cha kitaalamu."

"Uliza."

"Huko Mwezini. Mtu akikaa sana peke yake, hapa," akagusa paji la uso, "panabaki salama?"

Nakunda akaacha kazi, akamgeukia.

"Anaongea na ukuta," Mama akasema. "Katikati ya maneno yangu anageuka, anaucheka ukuta, anautikisia kichwa. Anaulisha, Nakunda. Ninamwona kwa macho haya anapakua chakula, anakipeleka ukutani. Mwanangu niliyemzaa."

"Umemuuliza?"

"Mtu wa hivyo haulizwi. Bibi yako alikuwa akisema, mtu akiona kisichokuwepo usimfuate huko, mrudishe polepole kwenye chakula. Basi mimi akigeukia ukuta namuuliza kama huko wanapata chumvi ya kutosha. Nimeongea habari za maharage mpaka maharage yenyewe yamechoka. Dirisha likizima ndiyo nalia." Akajifuta kwa ncha ya kanga, akainuka kama aliyekumbuka jambo. "Haya, nisikucheleweshe. Leo ni gulio, nakwenda kutafuta maharage mekundu. Kesho nampikia makande, angalau ayatazame."

Alipoondoka, Nakunda akabaki anaitazama ile kebo ya shaba mkononi. Ukuta anaoulisha. Fundi aliyemo ndani yake alishapata jibu. Dada aliyemo ndani yake hakutaka kulisikia.

Akavuta kebo mpya. Kebo ya nuru ina upande wa kichwa na upande wa mkia, ukiigeuza haitoi hata cheche, kwa hiyo akausoma mshale mara mbili. Akabadilisha kompyuta. Akarudishia kitambaa cha maua, maana alimjua mama yake. Kisha akaenda sebuleni, akawasha, akampigia kaka yake simu ya majaribio, zile dakika chache anazoruhusiwa fundi.

Ukuta ukafunguka.

Katikati palikuwa na meza, na nyuma ya meza Mbonea, mvi juu ya masikio, mabega yameshuka kidogo. Na kulia kwake, pale mkono unapopotea, palikuwa na mwanamke amekaa kwenye kiti. Katikati ya magoti yake alikaa mtoto wa kike wa kama miaka mitano, anasukwa.

Mwanamke akainua macho. Akaona kwamba ametazamwa, na kitana kikasimama kwenye nywele.

"Habari za saa hizi," Nakunda akamwambia, kwa kuwa hakuna namna ya kumtazama mtu bila kumsalimu.

Pumzi ikapanda, ikashuka. Mwanamke hakuitikia. Alimgeukia Mbonea, kama mtu anayeuliza ni nani anayesalimiwa.

"Kaka, una mgeni?"

"Mgeni," Mbonea akasema polepole. "Leo ndiyo unaniuliza kama nina mgeni. Huyu ni Nabintu, mke wangu. Huyu ni Siwema, mwanangu. Nilimleta kwa Mama kama inavyotakiwa, Nakunda. Nilimkalisha pembeni, amejitanda, amenyamaza. Mama akamtazama usoni, halafu akaniuliza kama huku tunapata chumvi."

Nakunda akakaa kwenye mkono wa kochi.

Inabidi kuijua nyumba ile. Kwao, kijana haji kwa mama yake akasema nimeoa. Anamleta binti, anamkalisha kando ya ukuta, na binti hafungui mdomo mpaka mama mkwe amwambie, "Karibu, mwanangu, sogea ule." Hapo ameolewa. Mama asiyemtaka hatukani wala hafukuzi. Anazungumza habari za chakula tu, kana kwamba pale kando hapana mtu, na wote wanaelewa. Jambo hilo halirudiwi tena, kwa sababu kulirudia ni kumlazimisha mama alitamke kwa kinywa, na lililotamkwa halifutiki. Na Mbonea alikuwa na sababu ya kuliamini jibu lile. Siku anaondoka, mama yake alimwambia asije akaoa huko, arudi aoe nyumbani.

"Hakumwona," Nakunda akasema. "Mbonea, nisikilize. Mama hakumwona. Kebo ilikuwa haitoshi. Skrini ilijazia pembeni. Miaka yote Mama anaona ukuta."

Nabintu akacheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Wifi," akasema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwenye nyumba ile, "kila Jumapili nilivaa. Huko kwetu Uvira nilifundishwa kuheshimu wakwe, na hapa nikafundishwa upya na kaka yako. Nilikaa. Mama yenu alinitazama hapa, machoni, akaongea maharage. Ungeniambia alikasirika, ningekuelewa. Ungeniambia hapendi watu wa Kongo, ningekuelewa vizuri zaidi. Lakini waya?"

"Ni waya."

"Kamera ilituonyesha yeye vizuri sana."

"Kamera ya hapa ina njia yake. Haipiti kwenye ile kebo."

"Haya," akasema Nabintu. Akamshika mtoto mkono, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, wakapita mlango wa nyuma. Mtoto alikuwa akigeukageuka kumtazama Nakunda.

Mbonea alibaki. Alikuwa mtu wa mitambo, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Nakunda aliona jambo likimwingia, likashuka, likafika chini. Akafunika uso kwa viganja.

"Rudisha kebo ya zamani," akasema.

"Unasemaje?"

"Irudishe. Nabintu hatakaa pale tena, siku nyingi sasa anakaa kwa ajili ya mtoto tu. Kesho Mama ataona ukuta, ataona na mimi, tutaagana. Ukimwambia, unamwambia nini? Kwamba alimkataa mjukuu wake uso kwa uso kila Jumapili? Halafu sisi tuondoke, yeye abaki na neno hilo peke yake ndani ya nyumba hiyo, alale nalo, aamke nalo? Mwache aamini nina upweke."

"Anaamini una wazimu. Anakuona unalisha ukuta."

Mbonea akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine. "Bora niwe mwehu mimi," akasema, "kuliko yeye kujua."

Kilichomuudhi Nakunda ni kwamba maneno hayo yalikuwa na akili. Upande mmoja alikuwepo mwanamke anayekwenda Mirihi akiwa amebeba dharau ambayo hakuna aliyeikusudia. Upande wa pili alikuwepo mwanamke anayebaki mlimani, mikono safi, hajui kitu. Kumtua mmoja mzigo ni kumtwisha mwingine, na fundi ndiye aliyeshika kebo. Akazima dirisha. Akarudi chumbani, akachomoa ile ya nuru, akaiokota ya shaba sakafuni. Hapo akasikia mlango wa jikoni.

"Umemaliza?" Mama akaita.

"Bado."

* * *

Walichambua maharage kwenye ungo mmoja, magoti yamekaribiana. Maharage mazuri, mawe machache. Nakunda alikuwa anatoa yasiyo mabovu na kuyarudisha mabovu, na Mama alimwona, akawa anarekebisha kwa upande wake.

"Kule gulioni nimepita kanisani," Mama akasema. "Nimeomba jambo moja. Nimesema, Mungu wangu, huko anakokwenda ni mbali kuliko huku, mpatie mtu wa kukaa naye. Hata mke wa huko huko, wa kabila lolote. Nilikuwa mjinga kumkataza. Nilidhani nikimkataza atarudi mapema." Akapuliza makapi. "Sasa ukuta ndiyo umekuwa mke wake, na aliyemwoza ni mimi."

Nakunda akaweka mkono juu ya ungo. Alikuwa ameshaamua kunyamaza, kweli kabisa, mpaka aliposikia sala ile. Mtu hawezi kukaa kimya jikoni na anayeomba kitu ambacho kimekaa mezani kwake miaka yote.

Akamweleza. Hakupamba wala hakupunguza. Akaeleza kebo, akaeleza kujazia, akaeleza kiti na Nabintu na mtoto anayesukwa. Mama alimsikiliza huku midomo yake ikitembea kidogo, kama anarudia kila neno.

"Kwa hiyo hana wazimu," akasema.

"Hana."

"Alikuwa anapakulia watu."

"Alikuwa anampakulia mkewe na mwanawe."

Uso wa Mama ukafunguka wote. Akainua mikono juu, akasema ahsante Mungu, akasema tena, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Kisha mikono ikashuka polepole, ikaingia kwenye maharage na kutulia humo.

"Na mimi nikauliza chumvi," akasema.

Nakunda alitamani wakati huo angekuwa bado amekaa na kebo mkononi. Alimwona mama yake anapita Jumapili moja moja, anazirudia, kila neno alilolisema, na kila mara palikuwa na watu wawili wamekaa mbele yake. Hakulia. Alikuwa anaona aibu, aibu ya mtu mzima, ambayo haina pa kujificha.

"Nimemtesa mtoto wa watu kwa mdomo wangu," akasema baadaye. "Na mjukuu wangu, nilimwona anazaliwa? Nilimwona anatambaa? Vyote vilipita hapo."

"Mama, Mbonea alitaka nirudishe ya zamani. Alisema hutaweza kuibeba."

"Mbonea ana huruma kama marehemu baba yake, na huruma yao siku zote inakuja na kufuli." Akasimama, akakung'uta kanga. "Nenda kaweke kebo."

"Nabintu huenda asije kukaa. Kiti kinaweza kuwa kitupu."

"Weka kebo, Nakunda. Kama kitakuwa kitupu, nataka kiwe kitupu cha kweli."

* * *

Jumapili Mama Mbonea alivaa gauni lake la kwendea ubatizo na harusi. Makande yalikuwa mezani, yanatoa mvuke, meza imesukumwa mpaka kwenye kioo. Nakunda alisimama kando na kifaa chake cha kupimia, ingawa hapakuwa na cha kupima.

Ukuta ukafunguka. Mbonea alikuwa peke yake, amevaa shati lililopigwa pasi. Akamwona mama yake anahamisha macho kutoka kwake, taratibu, kwenda kulia, mpaka kwenye kiti. Mara moja akajua ameambiwa.

"Mama," akaanza.

"Wewe subiri. Wewe nimekuona, una mvi, mikono yote ipo, namshukuru Mungu. Sasa hivi siongei na wewe."

Mama akakigeukia kile kiti kitupu. Kilikuwa kiti cha kawaida, mgongo wa chuma, mto mdogo umeshonwa kwa kitenge.

"Nabintu," akasema, "najua uko nyuma ya mlango huo, kwa sababu ningekuwa wewe ningekuwa hapo hapo. Habari za waya sikuelezi. Wifi yako alikueleza hukuamini, na mimi nisingeamini. Nimekaa na wewe mezani miaka yote hii sijakukaribisha. Iwe waya, iwe nini, wewe ndiye uliyeumia. Nimekuja kukuomba msamaha, na nimekuja kukuambia lile nililotakiwa kusema. Karibu, mwanangu. Sogea ule."

Pumzi ikapanda, ikashuka. Ikapanda tena. Mbonea hakugeuka kutazama mlango, alikuwa ameyakazia macho makande. Nakunda akahesabu, akapoteza hesabu.

Mlango ukafunguka nusu, na aliyetoka hakuwa Nabintu. Alikuwa mtoto, kichwa chake kimekamilika sasa, kila msuko mahali pake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kioo cha upande wao. Akainua kiganja, akakipitisha mbele ya uso wa bibi yake, kutoka kushoto kwenda kulia. Macho ya Mama yakakifuata. Akakirudisha kulia kwenda kushoto. Macho yakarudi nacho.

Mtoto akageuka. "Mama, njoo. Bibi amepona macho."

Nabintu akatoka mbio kumchukua, kisha akasimama katikati ya chumba, mikono haina pa kwenda. Alikuwa amevaa. Kitenge kilikuwa kipya, na kilemba kimefungwa vizuri.

"Ilinibidi nimwambie kitu," akasema, hakumtazama mtu. "Alikuwa anauliza. Nikamwambia Bibi ana ugonjwa wa macho na masikio, anamwona Baba tu na kumsikia Baba tu. Sikutaka akuchukie. Unisamehe."

Mama Mbonea akamtazama. Mwanamke huyu aliyedharauliwa kila Jumapili alikaa akamtafutia ugonjwa, ili mjukuu asimchukie.

"Ulimwambia kweli tupu," akasema. "Ndivyo nilivyokuwa." Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, kioo kati yao. "Nimepona, Siwema. Nimepona jana. Sasa niambie. Siku zote zile ulikuwa unaniambia nini?"

Siwema akafikiri. "Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Nilikuwa nakwambia shikamoo."

Nakunda akaweka kifaa chake chini. Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuona mtoto anamwamkia bibi asiitikiwe, hata bibi awe na hasira, hata awe mgonjwa kitandani. Alimwona mama yake anashika ukingo wa meza.

"Marahaba," akasema Mama.

Pumzi ikapanda, ikashuka, na huko juu mtoto akatabasamu, kwa kuwa lilikuwa limefika.

"Hiyo ya leo," akasema Mama. "Marahaba, ya Jumapili iliyopita. Marahaba, ya ile ya kabla yake. Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba. Marahaba."

Mwanzoni Siwema alicheka, akadhani ni mchezo. Kisha akaacha kucheka, akakaa sakafuni mbele ya kioo, akawa anatikisa kichwa kwa kila moja, anaipokea. Nabintu akaja akakaa sakafuni nyuma yake, magoti pamoja, na katikati ya marahaba mbili akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, Mama," na Mama akaitikia bila kusimama, akaendelea na za mtoto na za mama yake mtoto, akizichanganya, machozi yakimshuka mpaka kwenye gauni, hayafuti. Mbonea alikuwa ameinama juu ya meza. Makande yalipoa. Kwenye kona ya ukuta taa ya kuonyesha muda umekwisha ikaanza kuwaka na kuzima, na Mama Mbonea alikuwa bado hajafika Jumapili ya kwanza.